Jinsi ya kuongoza watu kwa kuwatumikia: mwongozo wa anayeanza

Mtu akikabidhiwa watu wa kuwaongoza kwa mara ya kwanza na akataka kuwatanguliza wao, maswali huwa ni yale yale. Si watanipanda kichwani? Kazi itafanyika saa ngapi kama muda wote nasikiliza shida za watu? Na je, kuwatumikia maana yake niwafanyie kazi zao? Nimeyajibu kwa mdomo kipande kipande, sasa nayaweka yote pamoja. Unasimamia watu watatu ofisini, zamu ya kiwandani, walimu wa idara moja au kikundi cha kujitolea? Hatua ni hizi hizi.

Swali la tatu nalijibu mapema kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Hapana, hufanyi kazi zao. Kumtumikia unayemwongoza ni kuhakikisha anaweza kufanya kazi yake vizuri leo, na kesho anaweza kazi kubwa kuliko ya leo. Ukimfanyia, unamnyima yote mawili.

Wazo lenyewe ni la kale, limo katika dini na mila nyingi. Aliyelipa jina katika uongozi wa kazini ni Mmarekani Robert Greenleaf, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya AT&T kwa karibu miaka 40, kisha mwaka 1970 akaandika insha kuhusu kiongozi aliye mtumishi kwanza. Kipimo alichokiweka tutakitumia hatua ya mwisho. Nadharia inatosha hapo.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Daftari moja, kurasa kadhaa kwa kila mtu unayemwongoza. Simu nayo inaandika, lakini anayekueleza jambo zito huku wewe unabonyeza simu hajui kama unaandika maneno yake au unamjibu mtu mwingine.
- Nusu saa kwa kila mtu, kila baada ya wiki 2. Watu 8 ni saa 4. Zitafute kwenye ratiba yako sasa hivi, kabla hujamwahidi mtu yeyote.
- Orodha ya mambo unayoweza kuyaamua bila kuomba ruhusa. Hata yakiwa matano tu: ratiba ya zamu, nani anahudhuria mkutano gani, nani anapokea wageni. Huwezi kumpa mtu uamuzi ambao wewe mwenyewe huna.
- Mkubwa wako ajue unachotaka kufanya. Si lazima akipende, ila asije akakisikia kwa wengine.
- Miezi 3 ya subira. Mwezi wa kwanza watu watakuwa wanakupima tu kama unamaanisha.

Kama nusu saa hizo hazipatikani, usianze bado. Kumwahidi mtu kikao kisha ukakiahirisha mara mbili kunamwambia yuko wapi kwenye orodha yako, na hilo hatalisahau upesi.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi zilizo mikononi mwako

Kwa wiki 2, kila jioni, andika kazi ulizofanya mwenyewe siku hiyo. Mwishoni zipe alama. Zile ambazo ni lazima uzifanye wewe, kwa sheria au kwa siri yake, weka M. Zile ambazo tayari yupo anayeziweza, weka T. Zile ambazo mtu angeziweza akifundishwa, weka F.

Za T ziachie wiki hii hii. Za F usiziguse bado, maana hizo ndizo shule ya watu wako na tutazirudia hatua ya 5.

Hatua ya 2: Kaa na kila mtu peke yake

Hapa ndipo penye kazi. Kikao hiki si cha kukagua maendeleo ya kazi. Hiyo ifanye siku nyingine. Hiki ni chake, yeye ndiye anayeleta mazungumzo, na kazi yako kubwa ni kufunga mdomo.

Tatizo ni kwamba mara ya kwanza hataleta kitu. Utauliza "Kazi inaendaje?" naye atajibu "Vizuri tu." Wasimamizi wengi hufunga daftari hapo na kuridhika. Wewe badilisha swali: "Hebu nisimulie siku yako ya jana, tangu ulipofika mpaka ulipoondoka." Ataanza: nilifika, nikafungua mafaili, nikasubiri idhini mpaka saa sita, halafu nika... Msimamishe hapo kwa upole. "Ulisubiri idhini mpaka saa sita?" "Ndiyo, ni kawaida. Anayesaini huwa kwenye mkutano asubuhi." Tayari umepata kitu ambacho mwenyewe asingekuletea kamwe kama lalamiko, kwa kuwa ameshakizoea. Nusu ya asubuhi yake inapotea kila siku na haoni kama ni tatizo.

Maswali mengine matatu yanayofanya kazi:

- Kazi gani hapa ungependa kuijua ambayo kwa sasa huifanyi?
- Nini nikifanye zaidi, na nini nikiache?
- Kuna jambo gani unadhani mimi silijui?

Ukiuliza, nyamaza. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno. Kimya hicho kitakukera, lakini mara nyingi jibu la kweli huja baada yake. Akimaliza, mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo unasema kwamba..." Akisahihisha, shukuru, kwa sababu ulikuwa karibu kuandika jambo ambalo hakulisema.

*Tahadhari.* Usiahidi chochote ndani ya kikao cha kwanza. Sema "Nimeandika, nitakujibu Ijumaa," na Ijumaa ujibu, hata kama jibu ni hapana. Na aliyokueleza kwa siri yabaki hapo. Ukiyataja mbele ya wenzake mara moja tu, hata kwa nia njema, vikao vyako vyote vitakuwa vya "vizuri tu" tangu siku hiyo.

Hatua ya 3: Ondoa kikwazo kimoja ndani ya wiki

Pitia daftari, chagua kikwazo kimoja kwa kila mtu, kidogo, kilicho ndani ya uwezo wako. Yule wa idhini: nenda kwa anayesaini, muombe atenge dakika 10 kabla ya mkutano wake, au akasimu saini ya mambo madogo kwa mtu mwingine. Mwingine kikwazo chake ni kikao cha jioni kinachogongana na saa ya kumchukua mtoto shuleni. Kisogeze.

Usitangaze. Fanya, kisha mwambie mhusika peke yake. Watu hawahitaji hotuba kuhusu uongozi wako mpya. Wanahitaji kuona kwamba walichokisema Jumatatu kimefika mahali.

Hatua ya 4: Tenganisha haja na matakwa

Hatua hii haina fomu ya kujaza. Inataka akili yako. Si kila mtu anachoomba ndicho kitakachomkuza, na kutumikia si kusema ndiyo kwa kila ombi. Mtu anakuomba umwondolee kuandika ripoti ya mwezi kwa sababu inamchosha. Matakwa yake ni kuikwepa. Haja yake huenda ni kufundishwa namna ya kuiandika kwa saa mbili badala ya siku mbili. Ukiiondoa atakushukuru leo, na baada ya miaka mitatu atanyimwa cheo kwa sababu hajui kuandika ripoti.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu anaomba kazi zaidi na zaidi, wakati haja yake ni kupumzika.

Jiulize maswali mawili kwa kila ombi: Nikikubali, baada ya mwaka mmoja atakuwa na uwezo zaidi au pungufu? Na wenzake wataubeba mzigo gani kwa sababu ya ndiyo yangu? Ukikataa, mweleze sababu na umwambie utamsaidiaje. Hapana yenye sababu huheshimiwa kuliko ndiyo ya kukwepa lawama.

Hatua ya 5: Kabidhi kazi kwa ngazi

Sasa rudi kwenye kazi za F. Linganisha na majibu ya "kazi gani ungependa kuijua." Tafuta kazi iliyo juu kidogo ya uwezo wa mtu wa sasa: asiweze kuimaliza peke yake, lakini aimudu akisaidiwa. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky aliandika katika miaka ya 1930 kwamba kujifunza hutokea hasa katika eneo hilo la katikati, na yeyote aliyewahi kufundisha mtu kazi ameliona kwa macho. Rahisi mno haimfundishi, ngumu mno inamvunja moyo.

Kisha kubalianeni ngazi, na muiandike:

1. Tazama ninavyofanya, uniulize.
2. Fanya wewe, mimi nipo pembeni.
3. Fanya, nionyeshe kabla haijatoka.
4. Fanya, nijulishe ikishatoka.
5. Ni yako kabisa.

Ngazi hizi ni za kazi, si za mtu. Mfanyakazi wa miaka 15 anaweza kuwa ngazi ya 5 katika kupanga zamu na ngazi ya 1 katika kuandaa bajeti, wala si aibu. Kwa maoni yangu, ugomvi mwingi kati ya msimamizi na anayesimamiwa hutoka hapa: mmoja anadhani wako ngazi ya 4, mwingine anadhani wako ya 2. Yule wa kwanza anaona anafuatwafuatwa, wa pili anaona amedharauliwa. Namba moja iliyoandikwa kwenye daftari inaondoa yote hayo.

Unapokabidhi, taja mambo manne: matokeo yanayotakiwa, mipaka (fedha, muda, vitu asivyoruhusiwa kuamua), tarehe, na ngazi. Namna ya kufanya muachie yeye, isipokuwa mnapokuwa ngazi ya 1. Na wajulishe wote wanaohusika kwamba sasa kazi hii iko kwake, la sivyo wataendelea kukufuata wewe, nawe utaendelea kuwajibu.

*Makosa yanayojirudia hapa:*

Kukabidhi kazi za kuchosha tu na kubaki na zinazoonekana. Watu wanalitambua hilo haraka sana.

Kuipokonya kazi kosa la kwanza linapotokea. Akikosea ngazi ya 4, mrudishe ya 3, eleza kwa nini, na umwambie ni lini mtapima tena. Usimrudishe chini kabisa.

Kumrundikia yule mmoja mwenye bidii. Yeye anachoka na wengine wanadumaa.

Kukubali mtu akurudishie uamuzi. Akija na "Nifanyeje hapa?" katika kazi ya ngazi ya 4, muulize "Wewe unaona tufanyeje?" na usikilize mpaka mwisho. Lakini tumia busara. Mtu aliyekwama kweli, asiyejua hata pa kuanzia, ukimrushia swali hilo unamtesa. Huyo mfundishe.

Hatua ya 6: Katika mkutano, sema wa mwisho

Ukitoa maoni yako kwanza, wengine hawatoi yao, wanatoa yako kwa maneno tofauti. Nelson Mandela alisimulia jinsi Jongintaba Dalindyebo, kaimu mtawala wa Wathembu aliyemlea, alivyokuwa akiketi kwenye mabaraza akiwasikiliza wote bila kuwakatiza, hata walipomkosoa yeye mwenyewe waziwazi, na kuzungumza mwishoni tu. Anza na mgeni au mwenye cheo cha chini kabisa, wakubwa wafuate, kisha wewe. Basi.

Hatua ya 7: Sahihisha mapema, faraghani, na kwa jambo mahususi

Wengi wanaotaka kuwatumikia watu hukwama hapa. Wanaona kusahihisha ni ukali. Mimi naona kumficha mtu kosa lake ni kumnyima haki yake, kwa sababu wengine wote wanaliona isipokuwa yeye.

Usivuke siku 2. Mwite pembeni. Sema kilichotokea, kilisababisha nini, kisha uliza:

"Ripoti ya jana ilifika saa kumi badala ya saa sita. Wenzetu wa hesabu walibaki mpaka usiku wakiisubiri. Nini kilitokea?"

Halafu nyamaza, kama kwenye hatua ya 2. Linganisha na "Siku hizi huko makini kabisa." Sentensi ya kwanza ina jambo la kurekebisha. Ya pili inamhukumu mtu mzima, naye atajitetea tu. Malizeni kwa kukubaliana atafanya nini tofauti na wewe utamsaidia nini, na siku ya kuangalia tena.

Sifa nazo ziwe mahususi vivyo hivyo. "Kazi nzuri" haimwambii mtu kitu. "Ulivyompigia mteja kabla hajalalamika, umetuokoa" inamwambia arudie nini.

*Tahadhari.* Haya yote ni ya siku za kawaida. Moto ukiwaka, mtu akiumia, mfumo ukianguka, toa amri fupi na zitekelezwe. Kuuliza maoni wakati huo ni kuwatelekeza. Baada ya dharura ndipo mkae mwongee.

Hatua ya 8: Simama mbele yao penye lawama, nyuma yao penye sifa

Ukiwa mbele ya wakubwa na kazi imefanikiwa, taja jina la aliyeifanya. Ikiharibika, sema "Ni timu yangu, nawajibika, na hivi ndivyo tunavyorekebisha," bila jina la mtu. Majina ya makosa yazungumzwe ndani, kwa njia ya hatua ya 7. Kosa la wizi au unyanyasaji halimo hapa. Hilo lina taratibu zake na usilifiche hata kidogo.

Hatua ya 9: Pima baada ya miezi 3

Hiki ndicho kipimo cha Greenleaf, kwa maneno yangu: wale unaowatumikia wanakua kama watu? Wamekuwa na afya zaidi, busara zaidi, uhuru zaidi, wanajitegemea zaidi, na wao wenyewe wameanza kuwatumikia wengine? Na wale wanyonge zaidi, wanafaidika au angalau hawadhuriki?

Kwenye daftari kigeuze kiwe mambo ya kuhesabika. Kazi ngapi za F zimepanda, na zimefika ngazi ya ngapi? Ukiwa likizo ya wiki moja, ni maswali mangapi yalikufuata? Nani amemfundisha mwenzake kazi bila kuagizwa? Hilo la mwisho ndilo ninalolitazama kwanza.

Yakikwama

*"Wananipanda kichwani."* Angalia kama umewahi kutaja viwango. Upole bila viwango huleta hali hiyo siku zote. Itisha kikao, mkubaliane mambo matatu au manne yasiyovunjwa (muda, ubora, heshima), na atakayeyavunja apitie hatua ya 7 kila mara, bila upendeleo. Akirudia baada ya kusaidiwa kweli, taratibu za kazi zichukue mkondo wake. Kumvumilia mmoja asiyefanya kazi ni kuwabebesha wengine mzigo wake, na hao nao unawatumikia.

*"Tangu nianze, matatizo yameongezeka."* Huenda yalikuwapo na sasa ndiyo unaambiwa. Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza makosa ya dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alikuta timu zenye viongozi na mahusiano bora zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo yaliyopatikana ni kwamba watu huko hawakuogopa kuyasema. Kwa hiyo usimkaripie aletaye habari mbaya. Tazama kama tatizo lile lile linarudi. Likirudi, hapo pana kazi.

*"Kuna mtu hataki kukua."* Muulize maisha yakoje nje ya kazi kabla hujamhukumu. Mwingine anauguza, mwingine ameshakabidhiwa kazi zamani na kuaibishwa. Na mwingine anaipenda kazi yake ilivyo na anaifanya vizuri, basi mwache, ila mwombe awafundishe wageni.

*"Mkubwa wangu anataka amri tu."* Mpe anachokihitaji: matokeo, kwa tarehe, bila kumshtukiza. Namna unavyowafikia watu wako ndani ya timu ni yako. Usiwatume watu wako kupigana vita vyako na yeye.

*"Nimechoka."* Hesabu kazi za T na F ulizozirudisha mikononi mwako kimyakimya. Karibu kila mara zipo. Kisha punguza vikao viwe kila wiki 3 kwa wale waliofika ngazi ya 4 na 5, ila wageni wabaki na wiki zao 2. Nawe tafuta mtu wa kukusikiliza, mwenye uzoefu, asiye chini yako.

*"Niliyemkuza ameondoka."* Inauma, na itatokea tena. Mpongeze kwa dhati, usimfanye ajisikie msaliti. Katika wiki zake za mwisho mwombe jambo moja: amchague mwenzake mmoja, ampitishe ngazi ya 1 mpaka ya 3 katika kazi anayoiacha, wewe ukiwa umekaa pembeni na daftari.